Usalama Uko Mlangoni au Guniani?

(Haya ni maneno tuliyosema mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujiendeleza vya Thika na Ruiru. Wengi waliomba wapewe kwa maandishi ili wakasomeane katika mikutano yao. Tumeyaandika karibu jinsi yalivyosemwa.)



Tunajua kati yenu kuna aliyefunga kibanda chake leo, na kuna aliyemwomba jirani amkatie ng'ombe majani. Siku ya kazi ni mali. Kwa hiyo hatutawazungusha.

Tuliombwa tuzungumze juu ya usalama. Kabla ya kuja tuliwauliza viongozi wachache wa vikundi: ukisikia neno usalama, unafikiria nini? Karibu wote walitaja wezi. Mmoja akasema taa za njiani, kwa sababu akina mama wa sokoni hutoka nyumbani kabla ya mapambazuko. Mwingine akasema kituo cha polisi kiko mbali, na ukifika unaambiwa gari halina petroli. Hayo ni majibu ya kweli na hatuyadharau hata kidogo. Lakini leo hatutaanza na mwizi. Tutaanza na gunia la mahindi, na mwisho mtaona kwa nini.

KUFULI MBILI NA MLINZI MMOJA

Miaka kadhaa iliyopita, sisi wa ofisi hii tulisaidiana na kikundi kimoja cha akina mama kununua mahindi kwa pamoja. Mpango ulikuwa mzuri: tununue wakati wa mavuno bei ikiwa chini, tuweke, kisha wanachama wagawane miezi ile ambayo gorogoro moja hupanda bei kila wiki. Kila mama alitoa akiba yake kidogo kidogo.

Magunia yaliletwa na lori jioni, mvua ikinyesha. Hofu yetu kubwa ilikuwa kuibiwa. Basi tukayatia katika chumba kisicho na dirisha. Tukayapanga juu ya sakafu ya simiti, yakagusa ukuta pande zote. Tukatia kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwenyekiti na mwingine kwa mweka hazina. Tukaandika mlinzi wa usiku. Tukaenda kulala tukiwa tumeridhika.

Hakuna hata punje moja iliyoibwa. Lakini siku ya kugawana, tulipofungua mlango, harufu ya uvundo ilitupokea hapo hapo. Magunia ya chini na yale ya ukutani yalikuwa yameota ukungu, mengine ya kijani, mengine ya rangi ya majivu.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana hapo ndipo penye somo. Mama mmoja akasema, tuyaoshe, tuyaanike, tusage. Ukisha kuwa unga nani atajua? Mwingine akasema, tuwape ng'ombe na kuku. Wa tatu alikuwa ameweka akiba yake yote mle ndani. Akasema, tuwauzie wachuuzi wanaopeleka mbali, wateja wao hatutawaona kamwe. Watu wakanyamaza. Ndipo mama mmoja mzee akauliza, "Na huyo atakayenunua huko mbali, watoto wake ni wa nani?"

Mabovu tuliyafukia. Hasara tukagawana. Wapo waliotukasirikia, na walikuwa na haki, kwa sababu ni sisi tuliosimamia ununuzi na hatukupima unyevu. Tulilinda mlango, tukasahau gunia. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

SUMU ISIYOONEKANA

Ukungu ule hutoa sumu. Wataalamu huiita aflatoksini. Ndugu zetu wa Tanzania wameipa jina zuri, sumukuvu, nasi tutalitumia jina hilo. Sumu yenyewe haina rangi wala harufu. Ukiona ukungu, hiyo ni dalili ya hatari. Lakini usipouona, bado huwezi kuapa kwamba mahindi ni salama. Kuosha na kupika hakuiondoi. Ugali uliochemka vizuri, kama mahindi yalikuwa na sumu, bado una sumu.

Mtu akila nyingi kwa muda mfupi, ini lake huharibika. Macho huwa ya manjano, tumbo huvimba, na anaweza kufa. Akila kidogo kidogo kwa miaka, hatari ya kupata saratani ya ini huongezeka, zaidi kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B. Ng'ombe naye akilishwa mahindi yaliyooza, sehemu ya sumu hutoka katika maziwa. Kwa hiyo yule aliyesema tuwape ng'ombe alikuwa anaileta sumu mezani kwa njia ya kikombe cha chai.

Msidhani haya ni mambo ya mbali. Mwaka 1981 watu walikufa huko Machakos kwa sumu hii. Kisha ukaja mwaka 2004. Kati ya Januari na Julai mwaka huo, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa. Wengi walikuwa wa Makueni na Kitui. Lakini wilaya nyingine zilizohesabiwa katika maafa hayo ni Machakos, na Thika yetu hii.

Wachunguzi walipopima mahindi katika masoko ya sehemu zilizoathirika, waliona zaidi ya nusu ya sampuli zimepita kiwango cha sumu kilichoruhusiwa wakati huo. Sampuli nyingine zilikipita mara hamsini na zaidi. Walichunguza pia nyumba za wagonjwa na za majirani ambao hawakuugua. Wakakuta kwamba waliokuwa wameweka mahindi ndani ya nyumba ya kulala, badala ya ghala, waliugua zaidi sana.

Kwa nini mtu aweke mahindi ndani ya nyumba ya kulala? Nyinyi mnajua jibu kuliko sisi. Mwaka wa njaa, ghala la nje ni mwaliko kwa mwizi. Mtu huvuna mapema kabla mahindi hayajakauka shambani, kwa sababu akichelewa atavuniwa. Huyaingiza ndani yakiwa mabichi, huyaweka chini ya kitanda, hufunga mlango. Amejilinda na mwizi, akalala na sumu.

NENO USALAMA LILIVYOPANUKA

Haya. Sasa tuliache gunia kidogo, tulitazame neno.

Kwa miaka mingi serikali za dunia zilipotamka usalama zilimaanisha jambo moja: mipaka ya nchi, jeshi na bunduki. Nchi yaweza kuhesabiwa kuwa salama hata kama nusu ya watu wake wanalala njaa, mradi hakuna adui aliyevuka mpaka. Hapa Afrika tulianza mapema kusema kwamba hesabu hiyo ina kasoro. Mwaka 1991 viongozi na wananchi wa nchi nyingi za Afrika walikutana Kampala, wakiitwa na Jenerali Olusegun Obasanjo wa Nigeria. Walisema usalama si mambo ya jeshi peke yake. Ni pia mtu kupata chakula, maji, afya na kushiriki katika mambo ya nchi yake.

Mwaka 1994 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti iliyolieneza wazo hilo duniani kwa jina la usalama wa binadamu. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa mchumi wa Pakistan, Mahbub ul Haq, ambaye aliwahi kuwa waziri wa fedha nchini kwake. Ripoti ilisema usalama una pande saba: kipato, chakula, afya, mazingira, usalama wa mwili wa mtu, usalama wa jamii anamoishi, na haki zake za kisiasa. Na ilisema mambo yote saba yanakuja katika mawili: mtu asiishi kwa hofu, na mtu asiishi kwa ukosefu.

Hofu na ukosefu. Tulikumbuke lile gunia letu. Hofu ya mwizi ilitufanya tufunge chumba bila hewa. Ukosefu ulimfanya mwenzetu mwema atake kuuza sumu. Wala hakuwa mama mbaya. Hivi viwili hutembea pamoja kama fahali wawili katika nira moja. Huwezi kumfungua mmoja ukamwacha mwingine.

Wazo hili sasa limeandikwa katika mikataba ya sehemu zetu. Mwaka 2005, huko Abuja, Umoja wa Afrika ulipitisha mapatano ya ulinzi wa pamoja. Ndani yake umeeleza kwamba usalama wa binadamu ni mtu kutimiziwa mahitaji yake ya msingi na kuishi kwa heshima. Mapatano ya ulinzi, jamani, yanazungumza juu ya shule na afya! Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 238, inasema usalama wa taifa ni kulinda mipaka, na pia kulinda watu, haki zao, mali yao, amani yao na ustawi wao. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya kutoona njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaofaa. Hayo maneno ya ubora yashikeni. Haki yenu haiishii kwenye tumbo kujaa. Chakula chenyewe kisiwe cha kuwaua.

Hatusemi hofu ya mwili si kitu. Tarehe 4 Mei 2014 mabomu yalilipuka ndani ya mabasi mawili kwenye barabara kuu ya Thika. Watu wakafa na makumi wakajeruhiwa. Waliokuwa ndani ni wasafiri kama sisi, wenye mifuko ya sukari na unga. Bunduki nazo hupita mipaka bila pasipoti, ndiyo maana nchi za sehemu hizi zilitia sahihi hapa Nairobi mwaka 2000 tamko la kupambana na silaha ndogo ndogo, na mwaka 2004 mkataba kamili. Kazi hiyo inahitajika. Tunachosema ni kwamba ni upande mmoja tu kati ya ile saba.

MPAKA ULIPOFUNGWA

Sasa mtu wa Ruiru atauliza: mikataba ya Arusha na Abuja inanihusu nini mimi ninayelipa kodi ya chumba kimoja kwenye ploti?

Inakuhusu kila ukinunua unga. Mji wa Ruiru ulikuwa na watu 238,858 katika hesabu ya mwaka 2009. Mwaka 2019 walikuwa 490,120. Idadi iliongezeka zaidi ya mara mbili kwa miaka kumi. Mashamba ya kahawa ambayo wazee hapa waliyachuma yamekatwa vipande, yamekuwa nyumba za kukodisha. Watu hawa hawalimi, wananunua. Na Kenya kwa miaka mingi haivuni mahindi ya kuitosha, kwa hiyo huagiza kutoka Uganda na Tanzania. Punje iliyo katika sufuria yako ya githeri huenda ilipandwa upande wa pili wa mpaka, ikapita Busia au Namanga juu ya lori, ikafika kwa mwenye mashine ya kusaga. Wewe hukuvuka mpaka, lakini mpaka umefika jikoni mwako.

Mapema mwezi wa Machi 2021, mamlaka ya kilimo ya Kenya ilisimamisha ghafula mahindi kutoka Uganda na Tanzania. Sababu iliyotolewa ni hii hii: vipimo vilionyesha sumukuvu kupita kiasi. Malori yakasimama mpakani. Wakulima na wafanyabiashara wa ng'ambo wakalalamika, wakasema wameaibishwa na kutiwa hasara bila kuulizwa. Siku chache baadaye mahindi yakaruhusiwa tena kwa masharti: mwagizaji aandikishwe, mzigo uje na cheti cha vipimo, na sumu isipite sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja.

Kipimo hicho cha 10 hakikutoka kichwani mwa mtu mmoja. Ni kipimo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na nchi zilikubaliana juu yake. Tukikigeuza kwa hesabu ya gunia, ni chini ya miligramu moja ya sumu katika gunia zima la kilo 90. Hakuna jicho linaloona hilo, wala pua inayolinusa. Ni kipimo peke yake.

Tulipotafakari habari hiyo tuliona tumewahi kuishi mambo kama hayo katika chumba chetu kidogo. Taifa lilifanya kama sisi: lilikimbilia mlango. Tusiwalaumu kupita kiasi, maana kulinda watu wasile sumu ni wajibu wa serikali, na waliokufa mwaka 2004 walistahili ulinzi huo na hawakuupata. Lakini tujiulize: mwaka 2004 sumu ilitoka nchi gani? Kwa sehemu kubwa ilikuwa mahindi ya mashamba yetu wenyewe, yaliyovunwa na kuwekwa yakiwa na unyevu. Kufunga Namanga kusingewaokoa. Na mahindi yanayokataliwa mpakani hayarudi kuwa udongo. Yanaliwa na mtu wa upande ule. Hapo lile swali la mama mzee linarudi: watoto wake ni wa nani?

Mkataba wa Jumuiya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Una kifungu cha 110 kinachozungumza juu ya usalama wa chakula, na kifungu cha 124 kinachozungumza juu ya amani na usalama. Katika kitabu viko mbalimbali, na hushughulikiwa na ofisi mbalimbali. Katika chumba cha mpangaji wa Ruiru vyote viwili viko chini ya kitanda kimoja. Siasa nzuri ya sehemu zetu ni ile inayoviweka pamoja: kipimo kimoja pande zote za mpaka, kinachoanzia shambani na si kwenye geti, ili mkulima wa Mbale au wa Kiteto asaidiwe kukausha kabla hajapakia, na mnunuzi wa Thika ajue anachokula.

HATARI YA NENO LENYEWE

Tuwaonye pia. Neno usalama ni kali. Kila likitajwa, mtu mwenye rungu husimama. Tukisema chakula ni usalama, asije mtu akafikiri dawa ni kumtuma askari sokoni kummwagia mama gunia lake. Mchuuzi akinyang'anywa mahindi bila kuonyeshwa kipimo na bila kupewa karatasi, huyo amepoteza kipato, na kipato ni upande mmoja wa usalama. Huwezi kujenga chumba kwa kubomoa kingine.

Wapo wanaosema pia kwamba jina hili limekuwa pana mno: ukiita kila kitu usalama, hakuna kitakachotangulia. Hilo lina ukweli. Ndiyo sababu tunawashauri msijaribu pande saba kwa siku moja. Chagueni jambo moja linaloua au kuumiza watu hapa petu, na ambalo mikono yenu inalifikia. Sisi tumechagua gunia.

KAZI YA KIKUNDI

Mambo ya kufanya ni haya, na mengi hayahitaji mfadhili.

Kwanza, pimeni unyevu kabla ya kulipa. Kikundi kinaweza kuchanga na kununua kipima unyevu kimoja kikatumiwa na vikundi kadhaa. Kama hamna, tumieni chupa na chumvi. Chukueni chupa safi ya kioo iliyokauka kabisa. Tieni punje za mahindi hadi theluthi, kisha vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokauka. Fungeni, tikiseni kwa dakika moja, kisha acheni itulie kama robo saa. Chumvi ikishikamana na ukuta wa chupa, mahindi bado mabichi. Msiyanunue, au yaanikeni tena. Isiposhika, yamekaribia. Lakini ya kuweka miezi mingi yataka kukauka zaidi, unyevu usizidi 13.5 kwa mia, kwa hiyo ongezeni siku za jua.

Pili, anikeni juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo, kwa sababu ukungu huishi katika udongo. Jioni yafunikeni au myaingize ndani. Umande wa usiku mmoja waweza kufuta kazi ya siku mbili.

Tatu, chambueni. Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi, zitoeni. Hizo ndizo hubeba sumu nyingi. Kupukuchua kwa kupiga fimbo huvunja punje na kufungulia ukungu mlango. Na mlizozitoa zisiende kwa kuku wala kwa ng'ombe. Zifukieni.

Nne, yawekeni juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali penye hewa. Mifuko ile isiyopitisha hewa inafaa sana kwa wadudu, lakini tieni mahindi makavu tu. Ukitia mabichi, umejifungia sumu kwa fedha zako.

Tano, lindaneni. Hili ndilo watu husahau. Kama mtu huvuna mabichi kwa kuogopa wezi, basi zamu ya kulinda mashamba wakati wa mavuno ni kazi ya afya. Vikundi vya Ngoliba na Gatuanyaga, ambako jua ni kali na mvua ni ya kubahatisha, mnajua mahindi yaliyokosa mvua yakikomaa hushikwa na ukungu huu kwa urahisi. Ghala moja la pamoja, lenye hewa na lenye mlinzi, hulinda dhidi ya mwizi na dhidi ya sumu kwa mara moja.

Sita, dai haki yako kwa ustaarabu. Tangu katiba ya 2010 kazi kubwa ya kilimo iko mikononi mwa kaunti. Wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla bajeti ya kaunti haijapitishwa. Vikao hivyo hutangazwa, nasi hatuendi, kisha tunalalamika. Nendeni mkaulize mambo matatu: ofisi ya kilimo ina vipima unyevu vingapi? Mashine za kukausha nafaka ziko wapi, na kikundi chaweza kuzitumia vipi? Na mahindi yanayoingia katika mashine za kusaga mitaani, nani anayapima? Andikeni majibu. Mkipewa ahadi, andikeni na tarehe.

Na mwenye mashine ya kusaga asionekane kama adui. Muulizeni kwa upole mahindi yake yametoka wapi na kama yamepimwa. Wateja ishirini wakiuliza swali moja kwa wiki moja, naye atamuuliza aliyemuuzia, na huyo atamuuliza wa kule mpakani. Hivyo ndivyo neno la Makongeni linavyoweza kufika Namanga bila kutumwa barua.

MASWALI YA KUJADILIANA

Mkirudi katika vikundi, tunaomba mzungumze haya:

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni jambo gani limeumiza watu wengi zaidi mwaka uliopita: mwizi, ugonjwa, njaa, au maji ya mvua? Tunatumia fedha na wakati wetu kulinda upande gani?

2. Mahindi tunayokula yanatoka wapi? Yamekauka kiasi gani tunapoyanunua?

3. Kikundi chetu kikigundua mahindi yake yameharibika, tutafanya nini? Tukubaliane sasa hivi, kabla ya hasara, maana siku ya hasara akili huwa nzito.

Swali la tatu ndilo gumu. Tunajua, kwa sababu lilitushinda karibu. Ilikuwa rahisi sana siku ile kupakia magunia yale jioni na kuyapeleka mbali. Hakuna polisi ambaye angetukamata. Hakuna sheria ambayo ingetuona. Aliyesimama kati ya sumu ile na watoto tusiowajua alikuwa mwanachama mmoja wa kikundi, mwenye swali moja. Hatukumpa cheo wala zawadi. Lakini tukiulizwa leo usalama wa binadamu ni nini, tunamkumbuka yeye kwanza, kisha mikataba.

Kikundi kile bado hununua mahindi pamoja. Sasa kuna chupa ya chumvi juu ya meza ya mweka hazina, na chumba kimetobolewa madirisha mawili yenye wavu. Kufuli imebaki moja. Inatosha.